Mkono Usiotajwa: Kuunda Upya Misuko, Viatu na Mapambo ya Waungwana wa Pwani kama Njia ya Kusoma Tendi

Utangulizi

Msomaji wa Utendi wa Mwana Kupona aghalabu huzipitia haraka beti zinazohusu mapambo, akizichukulia kuwa ni orodha tu. Katika utendi huu wa mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anamwusia bintiye Mwana Hashima juu ya mwili wake: kuoga na kujisinga, kufunga nywele, kutunga asumini, kuvaa kugesi miguuni na makoa mikononi, kutokivua kidani wala kifungo shingoni, kutokosa pete, hina na wanja. Wahakiki wamezijadili beti hizi zaidi kwa upande wa uhusiano wa mke na mume. Wako wanaomwona Mwana Kupona kuwa ni sauti ya mfumo dume inayomgeuza mwanamke kuwa pambo la nyumba, na wako wanaodai kwamba chini ya utiifu huo mna kejeli na ujanja wa mama aliyeijua dunia yake. Hoja za pande zote mbili zina uzito na hazitarudiwa hapa.

Jambo ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha ni kazi. Nani alisuka, nani alisinga, nani aliyachuma hayo maua na kuyatunga? Swali hili huonekana dogo mpaka pale mtu anapojaribu kuyatengeneza mapambo hayo kwa mikono yake. Wanafunzi wanaoigiza tendi jukwaani, walimu wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi wao maana ya neno kama msuruaki, na akina mama wanaoandaa arusi kwa mtindo wa kikale, wote hulazimika kuyaunda upya mambo haya nyumbani, kwa ubao, nyuzi, karatasi na shuka. Kwa kawaida kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya maleba tu, yaani jambo la pembeni linaloifuata fasihi. Makala haya yanashikilia kwamba uundaji huo wenyewe ni aina ya usomaji, na kwamba mikono inayouiga msuko au kiatu cha kale hukutana na jambo ambalo utendi haukulitaja: mkono wa pili, ambao mara nyingi ulikuwa mkono wa mtumwa.

Suala hili si la kinadharia tu. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hadhira inayoketi Lamu, Malindi au Mombasa kutazama utendi ukiigizwa ina wajukuu wa aliyesukwa na wajukuu wa aliyesuka, na si nadra kuwa hao ni watu wale wale, kwani mtoto wa suria alihesabiwa kuwa muungwana kwa nasaba ya babake. Mwigizaji akitokea jukwaani amekamilika kwa mapambo yote, bila ya aliyempamba, hadhira huwa imeonyeshwa nusu ya nyumba.

Msuko

Kielelezo kizuri cha maandishi juu ya nywele za watoto wa nyumba kubwa kinatoka kwa Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza jinsi nywele za utotoni mwake zilivyosukwa misuko mingi myembamba, pengine kufikia ishirini, ncha zake zikakusanywa pamoja na pambo zito la dhahabu likaning'inizwa mgongoni. Au kila msuko ukafungiwa kisarafu chake cha dhahabu chenye maandishi ya baraka. Salme alikuwa binti wa sultani na mamake alikuwa suria wa Kicherkasi, hivyo mfano wake hauwezi kuhamishiwa Siyu au Lamu bila tahadhari. Hata hivyo mpangilio wa kazi yenyewe ulikuwa mmoja.

Tuchukue hiyo misuko ishirini. Nywele hupakwa mafuta ya nazi, huchanuliwa kwa chanuo la mti lenye meno marefu, kisha hugawanywa kwa mistari. Anayesukwa huketi mkekani na kichwa chake hulazwa magotini pa msusi, huku akigeuzwa upande huu na upande huu. Saa hupita. Mtu anayejaribu kazi hii peke yake mbele ya kioo hufaulu upande wa mbele na pengine ubavuni, lakini akifika kisogoni mistari hupinda, vidole hufa ganzi na msuko hulegea. Hakuna hila ya kuliepuka jambo hili. Anayetaka kuuiga msuko wa kale kwa uaminifu lazima amwite mtu wa pili, na huyo mtu wa pili lazima awe na wakati wa kutosha wa kuupoteza kwa ajili ya kichwa kisicho chake.

Tukiurudia utendi baada ya jaribio kama hilo, sarufi yake huanza kuonekana kwa namna nyingine. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kubainisha nani anatenda na nani anatendewa: mtu husuka, husukwa, husukisha. Katika ubeti wa nywele kitendo kimeelekezwa kwa binti mwenyewe moja kwa moja, kana kwamba mikono ni yake. Mtu anaweza kupinga kwamba utendi unataja kufunga nywele, si kusuka, na kwamba kufunga ni kazi ambayo mwanamke aliweza kujifanyia. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini katika sehemu ya awali ya usia huo huo Mwana Kupona anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa huduma. Kauli hiyo fupi ndiyo mlango. Inakiri kwamba saa za huduma zilikuwako, kwamba katika saa hizo mwili wa bibi na mikono ya mjakazi vilikuwa karibu mno, na kwamba ukaribu huo ulihitaji kuwekewa mpaka. Ni saa zipi hizo kama si za kuoga, kusingwa na kushughulikiwa nywele? Beti za mapambo na ubeti wa watumwa zimetenganishwa katika utendi. Katika chumba cha ndani zilikuwa tukio moja.

Ushahidi mwingine umo katika msamiati. Kuna msuko uitwao twende kilioni, wa mistari michache na minene, unaomalizika haraka. Jina lenyewe linasimulia: habari ya msiba imefika, hapana nafasi ya kuketi mkekani mpaka alasiri, nywele zifungwe tuondoke. Majina ya misuko, kama majina ya kanga, ni fasihi simulizi ya wanawake, na inashangaza kwamba wahakiki waliojaza kurasa kwa methali na vitendawili wameyaachia makamusi. Jina hili hutufundisha kwamba msuko ulipimwa kwa muda. Kichwa chenye misuko mingi myembamba kilitangaza muda uliotumika, na aghalabu muda huo ulikuwa wa mtu mwingine.

Asumini nayo hudai wakati wake. Vikonyo vyake huchumwa alasiri vingali vimefumba na kutungwa uzini kabla ya giza, ili vifumbuke usiku vikiwa tayari kitandani au kichwani. Anayenunua maua yaliyokwisha kuchanua na kuyatunga asubuhi ya maonyesho hupata koja lililonyauka kabla ya tamthilia kuanza.

Mitawanda na sauti yake

Kama msuko unadai mkono wa pili, mtawanda unadai sikio. Mtawanda, au mtalawanda, ni kiatu cha ubao, na jina hilo hilo ni la mti ambao ubao wake ulitumika. Wayo wake hukatwa kwa kuufuata mguu, na chini huachwa vikalio viwili vya kukingama vinavyouinua mguu juu ya sakafu yenye maji. Kati ya kidole gumba na cha pili hutobolewa tundu, humo hukomewa msuruaki, yaani kijiti chenye kichwa cha mviringo. Hapana ukanda wala kamba. Kiatu chote hushikwa kwa vidole viwili.

Kukiunda upya nyumbani si kazi ngumu kwa mwenye msumeno, patasi na msasa. Ubao wa mwembe hufaa, au mwingine wowote usiopasuka upesi. Ugumu uko kwenye msuruaki. Ukiwa mwembamba hukatika; ukiwa mnene huchubua; kichwa chake kikiwa kidogo kiatu huchopoka. Tundu likitobolewa katikati kabisa, kiatu huenda upande, kwa hiyo linafaa kusogezwa kidogo upande wa ndani wa wayo. Seremala wa kale aliyajua haya bila ya kuandika.

Ila faida kubwa ya kukiunda kiatu hiki ni kutembea nacho. Vidole hubana, kisigino huinuka kikauacha ubao, kisha hushuka kwa mlio. Mvaaji hawezi kukimbia wala kunyata. Hulazimika kwenda polepole, kiwiliwili kikiwa kimenyooka, na kila hatua yake husikika nyumba nzima. Katika nyumba za mawe za Lamu, zenye kuta nene na madaka ya kutilia vyombo, mlio huo ulitangulia kumtambulisha mtu kabla hajaonekana.

Hapa ndipo maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yanapokuwa na thamani kubwa. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Velten mwaka 1903, Mtoro, mtu wa Bagamoyo, anazitaja adabu zilizompasa mtumwa zamani: kutovaa kofia mbele ya bwana wake, kutovaa viatu, kutovaa kanzu ndefu ya kuifunika miguu, na kutovaa mitawanda ndani ya nyumba ya bwana wake. Wanawake watumwa nao hawakuruhusiwa kujifunika kichwa. Marufuku haya mara nyingi husomwa kama orodha ya fedheha, na kwa hakika ni fedheha. Lakini marufuku ya mitawanda yana mantiki nyingine inayoeleweka vyema na aliyekwisha kukivaa kiatu chenyewe. Nyumbani, mlio wa ubao ulikuwa wa waungwana peke yao. Mtumwa alipita kimya. Bibi aliyeketi ndani aliweza kujua, bila ya kuinua macho, kama anayekuja ni mwenzake au ni wa kutumwa.

Kwa hiyo mwelekezi wa mchezo anayewavisha mitawanda wanawake wote walioko jukwaani, kwa kuwa tu jozi zimetosha na zinapendeza, huwa amefuta tofauti ambayo jamii ile iliilinda kwa sheria ya adabu. Na yule anayewaacha wajakazi miguu mitupu kwa sababu fedha za maleba zimekwisha, huwa amepata ukweli kwa bahati. Mguu mtupu katika nyumba ile haukuwa upungufu wa vazi. Ulikuwa ndilo vazi lenyewe lililoamriwa.

Mwendo huo wa kunyooka unatupa pia njia ya kuisoma Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeomboleza maanguko ya Pate mwanzoni mwa karne ya 19, anawachora matajiri wa zamani kwa mwendo: mikono ikipungwa, shingo zikipindwa, na makundi ya watu mbele na nyuma yao. Wahakiki wengi huutazama ubeti huo kama taswira ya kiburi, kisha hukimbilia popo na buibui wa magofuni. Hata hivyo makundi hayo ya mbele na nyuma ni sehemu ya vazi. Maringo yale hayakuwezekana bila ya watu wa kuyazunguka.

Makubadhi ya ngozi yana habari fupi zaidi. Siyu ilisifika kwa kazi ya ngozi, na kubadhi zuri lilivaliwa na mwanamume muungwana nje ya nyumba. Mwenye kuliiga atahitaji ngozi nene ya ng'ombe iliyoshonwa tabaka juu ya tabaka. Mpira wa gurudumu, ambao wengi huutumia, hunesa mno na humpa mvaaji mwendo wa mchukuzi.

Kofia, masikio na uzito wa vito

Kofia ya viua inastahili kutajwa kwa sababu inapinga usahili wowote wa hoja iliyotangulia. Ni kipande cha duara cha juu na ukanda wa kuzunguka, vyote vya kitambaa cheupe chenye vitundu vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, na kofia moja huweza kuchukua miezi kadhaa. Kazi hii ilifanywa na inafanywa bado na watu huru, wanawake kwa wanaume, tena kwa fahari. Si kila kilichovaliwa na muungwana kilitokana na jasho la mtumwa. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeuandika Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alikuwa mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri pamoja na kuwa mshairi, na mfano wake unatosha kuonyesha kwamba waungwana hawakuidharau kazi ya mikono kwa jumla. Walichokiepuka ni aina fulani ya kazi, ile ya kuuhudumia mwili wa mwingine.

Masikio hutoa somo jepesi. Wanawake wa pwani walitoga ukingo wa sikio matundu kadhaa na kuyajaza vipuli, na penye ndewe wakatia majasi. Waliokuwa na fedha walivaa fedha. Wengine walivaa vibiringo vya karatasi za rangi zilizokunjwa na kukazwa, kama inavyoonekana katika picha za zamani za Unguja. Pambo hili hutengenezwa katika meza ya jikoni kwa ukanda wa karatasi na gundi kidogo, na hapa anayeiga hana haja ya udanganyifu wowote, kwa kuwa karatasi haiigi kitu. Ndiyo asili.

Kugesi na mitali ni kinyume chake. Hutengenezwa kwa karatasi ngumu na kupakwa rangi ya fedha, zikang'aa vizuri kutoka mbali, lakini ni nyepesi kama jani, na mvaaji hurukaruka nazo. Kugesi ya fedha ilikuwa na uzito uliousikia mguu. Afadhali pete nene ya kitambaa iliyojazwa mchanga, hata kama haing'ai, kwani itamfundisha mwigizaji jinsi binti wa Mwana Kupona alivyotembea. Usia ule unamtaka binti akae kama arusi daima. Asiyewahi kuubeba uzito huo kwa saa mbili hawezi kuyaona makali ya neno daima.

Picha zimetajwa, na zinahitaji tahadhari. Studio za Unguja kama zile za Gomes na za ndugu wa Coutinho zilipiga picha nyingi za wanawake waliopambwa, nazo ziliuzwa kwa wageni kama kadi za posta. Mapambo yaliweza kuazimwa, na mkao ulipangwa na mpiga picha. Picha ya Sayyida Salme mwenyewe, iliyorudiwa katika majalada ya vitabu vingi, haikupigwa Unguja. Ilipigwa studioni Hamburg, baada ya yeye kuondoka nyumbani mwaka 1866, kubatizwa na kuolewa na Mjerumani. Humo amevaa mavazi ya kwao. Ni mfano wa mapema wa mtu kuyaunda upya mavazi ya kwao mbali na kwao, na jambo la kuzingatia ni kwamba amesimama peke yake. Nyumba aliyokulia ilijaa watumwa, kama kumbukumbu zake zinavyokiri pasipo haya. Wakati wa kuyaonyesha mavazi yake kwa Ulaya, yeye ndiye pekee aliyebaki ndani ya fremu. Maleba mengi ya jukwaani yanaendelea kuufuata mpango wa picha hiyo.

Shiraa

Limebaki vazi moja ambalo haliwezi kupigwa picha hivyo. Shiraa ya Lamu, ambayo jina lake kwa Kiarabu ni tanga la chombo, ilikuwa nguo kubwa iliyotandwa juu ya vijiti na kumzunguka mwanamke muungwana kama hema alipotoka njiani. Vijiti vilishikwa na vijakazi. Bibi alikwenda ndani, haonekani. Wao walikwenda nje, wanaonekana, vichwa wazi na miguu mitupu, wakiupima mwendo wao kwa mwendo wake. Heshima yake ilitegemea kufichwa, na kufichwa kwake kulitegemea watu ambao hawakuhesabiwa kuwa na heshima ya kufichwa.

Baada ya mwaka 1907 shiraa iliachwa pole pole. Maelezo ya kawaida husema kwamba mitindo ilibadilika, buibui likaja na likapendwa. Hiyo ni kweli nusu. Buibui ni vazi ambalo mwanamke mmoja hulivaa mwenyewe, akatoka mwenyewe, bila ya kumwamuru mtu ashike kijiti. Na waliolikimbilia kwa bidii, pamoja na kanga, walikuwamo wanawake waliotoka utumwani, ambao kwa mara ya kwanza walijifunika vichwa bila ya kumwomba mtu ruhusa. Yule bibi wa shiraa na yule mjakazi wa kijiti wakaja kupitana njiani wamevaa nguo nyeusi za namna moja. Ni ajabu kwamba badiliko kubwa kama hilo, ambalo lilifanyika sokoni na vichochoroni mbele ya kila mtu, hutajwa kwa sentensi moja tu katika vitabu vya fasihi, kama sharti ya kueleza neno gumu ukingoni mwa ukurasa.

Shiraa huundwa upya kwa shuka mbili au tatu pana zilizoungwa, na fito nyepesi za urefu wa mtu. Kushona kwake ni kazi ya jioni moja. Kabla ya kutia uzi sindanoni, hata hivyo, mwanafunzi anayeiandaa kwa ajili ya jukwaa atalazimika kujua idadi ya watakaozishika hizo fito, wataitwa kwa majina gani katika orodha ya wahusika, watavaa nini, na kama watapewa neno la kusema.